Tizi ya Keya: Hivi Ndivyo Askari wa Kenya Walivyopikwa Kabla ya Vita vya Burma

Kama umewahi kucheki Fury, ile muvi ya Brad Pitt ya 2014, unajua maisha ya wanajeshi wa kifaru: wasee watano ndani ya chuma moja, wanadishi humo, wanalala humo, wanakosana humo. Kitu muvi huruka ni miezi mirefu ya tizi kabla ya hao wasee kupandishwa meli kwenda vitani.

Sasa shika hii. Wakati Wamarekani walikuwa wanapigishwa tizi ya vifaru Fort Knox kule Kentucky na kwenye jangwa la California, maelfu ya vijana wa Kenya pia walikuwa kambini wakingoja kupelekwa vita ileile. Na kama wewe ni wa Silanga, Laini Saba, Lindi ama Makina, ardhi unayokanyaga kila siku iliwahi kuwa ya jeshi lao. Wacha tukupange, kuanzia mwanzo.

KEYA NI NANI?

Jina rasmi lilikuwa King's African Rifles. Kwa kifupi ni KAR, na mabuda wetu wakalitamka "Keya." Jeshi hili lilianzishwa 1 Januari 1902, Waingereza walipounganisha vikosi vyao vya Uganda, Kenya na Malawi ya leo. Askari walikuwa Waafrika, maafisa walikuwa walami.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914 Keya ilikuwa ndogo, batalioni tatu tu. Kufikia 1918 zilikuwa 22. Na wabeba mizigo wa vita hiyo, wale wa Kerea Ko, ndio waliachia Nairobi jina la Kariokor na Dar es Salaam jina la Kariakoo. Hizo ni stage unashukia kila siku.

Vita vya Pili vikaja 1939. Safari hii karibu wanaume 98,000 kutoka Kenya pekee waliingia jeshini. Wengine walikuwa kwa miguu na bunduki, wengine madereva, wapishi, mafundi, watu wa mizinga na watu wa simu za upepo. Kulikuwa hata na kikosi cha magari ya deraya cha Afrika Mashariki, kilichopigana na Waitaliano Somalia na Ethiopia.

KIBERA INAINGIA WAPI?

Wanubi waliletwa huku kama askari wa Mwingereza, asili yao Sudan. Kwa Kinubi, Kibra ni msitu. Mwaka wa 1918 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 4,197 hapo kuwa ardhi ya jeshi, ili askari waliomaliza huduma wakae na familia zao. Waliruhusiwa kuishi na kulima, lakini hawakupewa hati ya kumiliki. Hiyo ishike, tutairudia.

Majina ya mtaa bado yananuka jeshi. Kambi Muru ni kambi, na Muru ni Wamoru, kabila la Sudan Kusini. Wazee husimulia kwamba Laini Saba ilitokana na laini za kulenga shabaha. Silanga yenyewe ni jina la maji: silanga ni bwawa, na Nairobi Dam iko hapo chini.

Mwaka wa 1928 jeshi lilikabidhi Kibera kwa utawala wa raia. Kwa hivyo tizi ya Vita vya Pili ilifanyiwa kambi zingine, lakini Wanubi wa Kibera waliendelea kutoa vijana kwa Keya.

KUANDIKWA

Umewahi kuona foleni ya kuandikisha KDF uwanjani, vijana wamevua mashati, wanakaguliwa meno na miguu? Keya ilikuwa hivyo hivyo. Daktari alikucheki kifua, macho na uzito, na wengi walirudishwa nyumbani kwa sababu walikuwa wembamba sana.

Wengine walijiunga kwa hiari. Walitaka doo ya kodi ya kichwa, ng'ombe wa mahari, ama tu kutoka ocha waone dunia. Wengine hawakuulizwa: chifu alipewa idadi, akaileta. Pia kulikuwa na ubaguzi wa makabila. Walami waliamini kuna makabila ya "kupigana" na mengine ya kalamu, kwa hivyo Wakamba na Wakalenjin wakajaa kwa bunduki, na Wakikuyu wengi wakapelekwa kuwa madereva na makarani.

SIKU MOJA KAMBINI

Tarumbeta inalia kabla jua litoke. Unaamka, unakunja blanketi kwa vipimo, unasimama kando ya kitanda ukaguliwe. Ukiwa na kifungo kichafu, hiyo ni ngori ya siku nzima.

Asubuhi ni mazoezi ya viungo, halafu kwata. Kwata ni gwaride: kushoto, kulia, geuka, simama, saa baada ya saa, hadi watu mia moja wanakanyaga chini kama mtu mmoja. Ukikosea hatua, sajenti anakuita majina hadi mamako anayasikia huko ocha.

Baadaye ni silaha. Unafunzwa bunduki ya Lee-Enfield, kuifungua, kuipangusa, kuirudisha, kisha unarudia gizani bila kuona. Kisha kuna Bren, guruneti na mota. Halafu kuna kutembea na mzigo mgongoni, maili baada ya maili, na hapo ndipo buti zilitesa watu. Kabla ya vita, askari wa Keya alizoea kwenda miguu mitupu ama na ndara za ngozi. Vita ikaleta buti, na kuzizoea ilikuwa tizi peke yake.

Dishi sasa. Posho ya sembe, madondo, nyama, mboga, chumvi, chai na sukari. Kwa kijana aliyetoka nyumba yenye njaa, hiyo ilikuwa sherehe. Wengi waliongeza uzito kambini licha ya kukimbizwa kutwa. Fegi pia ziligawanywa.

Jioni ni kuosha nguo, kushona, na fatiki, yaani kufyeka, kuchota maji, kuchimba vyoo. Jumamosi watu walipiga ngoma za kwao na kucheza boli. Na ukisikia Funga Safari ikipigwa kwa gwaride la KDF leo, jua huo ni wimbo wa Keya ambao umedumu hadi sasa.

LUGHA NA DARASA

Fikiria bweni moja lina Mjaluo, Mkamba, Mnubi, Mganda na Myao. Wataongea nini? Kiswahili. Sio kile cha Lamu, ni Kiswahili kilichokatwakatwa, watu wakakiita Ki-KAR. Hata maafisa walami walilazimika kukijifunza. Kabla Sheng ikue, vijana wa kila kabila walikuwa tayari wanachanganya maneno kambini ili waelewane.

Jeshi pia lilifunza kusoma na kuandika. Walimu wa jeshi waliandaliwa Jeanes School, Kabete, pale ambapo leo ni Kenya School of Government. Kulikuwa na magazeti ya Kiswahili ya wanajeshi, kama Askari na Heshima. Ndiyo, mengi yalikuwa ya kumsifu Mwingereza. Lakini msee aliyekuja hajui herufi alirudi akiandika barua yake mwenyewe.

VYEO NA KIBOKO

Hapa ndipo stori inakuwa chungu. Mwafrika alipanda hadi usajenti na usajenti meja, lakini uafisa kamili ulikuwa wa walami. Ungekuwa na miaka kumi ya vita, na kijana mlami aliyefika juzi bado angekuamrisha.

Mshahara haukuwa sawa. Vyoo na mabweni yalikuwa tofauti. Na Mwafrika angeweza kupigwa kiboko kwa makosa ambayo mwanajeshi mlami hangechapwa.

TIZI YA MSITU

Februari 1943 Waingereza waliunda Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Nembo yake begani ilikuwa kichwa cha kifaru, yaani mnyama, sio gari. Ilikuwa na batalioni kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Malawi na Zambia. Mwaka huo huo divisheni ikapelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kufanya tizi ya msitu.

Adui sasa alikuwa Mjapani, na Mjapani alikuwa stadi wa kujificha. Kwa hivyo tizi ikabadilika. Kutembea usiku bila kelele. Kuvuka mito na mzigo kichwani. Kuchimba handaki haraka kabla giza liingie. Kufyeka njia kwa panga. Kuishi kwa chakula kinachoangushwa na ndege, kwa sababu Burma hakungekuwa na barabara ya lori. Na kumeza mepakrini, vidonge vya malaria vilivyogeuza ngozi ya mtu kuwa manjano, kila siku bila kuruka.

WALE AMBAO HAWAKUFIKA

Kusafiri kwenyewe kulikuwa hatari. Askari walipanda meli Mombasa, na wengi hawakuwa wamewahi kuona bahari.

Mwanzoni mwa Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa ikielekea Colombo. Ndani kulikuwa na watu 1,511, wakiwemo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wa Kikosi cha 301. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Wajapani iliipiga kwa topido. Ilizama kwa dakika chache tu. Watu 1,297 walikufa. Wale askari walikuwa wamemaliza miezi ya tizi ya mizinga, na hawakufika.

TIZI ILISAIDIA?

Ilisaidia. Kati ya Agosti na Desemba 1944, katikati ya mvua za masika ya Asia, Divisheni ya 11 ilishuka Bonde la Kabaw kutoka Tamu. Bonde lilijaa matope na malaria, na majeshi mengi yaliliogopa. Tarehe 2 Desemba waliingia Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin. Siku chache baadaye daraja la chuma la futi 1,154 likakamilika hapo, refu kuliko daraja lolote la aina hiyo wakati huo. Jeshi la Uingereza lilivuka hapo kuelekea katikati ya Burma.

WAMAREKANI WEUSI NA VIFARU VYAO

Usidhani kule Marekani mambo yalikuwa poa kwa kila mtu. Batalioni ya Vifaru ya 761 ilikuwa ya askari Weusi. Iliundwa 1942 Camp Claiborne, Louisiana, kisha ikahamishiwa Camp Hood, Texas. Ilipigishwa tizi zaidi ya miaka miwili, kwa sababu wakubwa walisita kuwapeleka Weusi vitani na vifaru. Afisa wake mmoja, Jackie Robinson, ambaye baadaye alikuwa staa wa besiboli, alishtakiwa kijeshi 1944 baada ya kukataa kuhamia nyuma ya basi. Aliachiliwa. Novemba mwaka huo batalioni ikaingia vitani Ufaransa chini ya Jenerali Patton, ikapigana vizuri, lakini tuzo kubwa ya kikosi ilikuja 1978.

Watu wetu walikutana na Wamarekani Weusi. Waruhiu Itote, kijana wa Nyeri aliyejiunga na Keya 1942 na kupigana Burma, alisimulia kwenye kitabu chake kwamba Mmarekani Mweusi aliyekutana naye India alimfungua macho kuhusu uhuru. Baadaye Itote alijulikana kama Jenerali China wa Mau Mau. Kwata, shabaha na kuishi msituni, yote aliyofunzwa na Mwingereza, aliyatumia kupigana na Mwingereza.

BAADA YA VITA

Vita viliisha 1945. Walami waliokuwa wanajeshi walifunguliwa mpango wa mashamba Kenya. Askari wa Keya alipewa nguo, doo kidogo na tikiti ya kurudi ocha. Alikuwa ameandaliwa miezi mingi jinsi ya kuenda vitani. Jinsi ya kurudi hakuandaliwa, na hakuna aliyemwekea shamba.

Na wale Wanubi wa Kibera? Mji ulikua, wapangaji wakaja, ardhi ikamegwa kidogo kidogo, na bila hati hawakuwa na la kusema. Juni 2017 ndipo Rais Uhuru Kenyatta aliwapa hatimiliki ya jamii, ya ekari 288. Piga hesabu na 4,197 za 1918. Hiyo ni chini ya asilimia 7, na ilichukua miaka 99.

UNAWEZA KUONA WAPI?

Sanamu za askari na mbeba mizigo ziko Kenyatta Avenue tangu 1928, zile unapita ukikimbilia mathree. Makaburi ya vita yako kando ya Ngong Road, sio mbali na Kibera. Humo kuna mnara wenye majina ya waliokufa Ethiopia, Somalia na Madagaska, na wale wa Khedive Ismail.

Na kama kwenu kuna stori ya babu aliyekuwa Keya, usiiache ipotee. Uliza shosho alikuwa batalioni gani, aliandikwa wapi, alirudi na nini. Kama kuna medali ama karatasi ya jeshi kwenye sanduku, piga picha. Wengi wa wale mabuda hawapo tena, na karatasi ndiyo Wanubi walikosa kwa miaka 99.