Barabara Iliyokata Migongo: Baiskeli kutoka Dallas hadi Meru

Fundi wa baiskeli wa mtaani Dallas, hapa mjini Embu, hana duka. Ana benchi, beseni la maji, kipande cha msasa, chupa ya sulusheni na tyubu kuukuu anazokata viraka. Hutumbukiza tyubu majini, akatazama mapovu yanapotokea, akaikausha kwa upindo wa shati, akakwaruza, akapaka, kisha akangoja. Kungoja huko ndiko ufundi wenyewe. Anayebandika kiraka kabla sulusheni haijashika, mteja humrudia kabla ya jua kutua.

Baiskeli niliyompelekea ni Black Mamba: nyeusi, ndefu, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma badala ya waya, na keria ya nyuma inayoweza kubeba gunia. Haina gia. Umbo lake halijabadilika sana tangu John Kemp Starley alipotengeneza Rover kule Coventry mwaka 1885, na John Boyd Dunlop akafuata na tairi la upepo mwaka 1888. Kampuni ya Raleigh ya Nottingham ndiyo iliyolisambaza umbo hilo katika makoloni ya Uingereza. Baadaye Wahindi wakaanza kuunda baiskeli hizo kwao, Atlas mwaka 1951 na Hero ya Ludhiana mwaka 1956, na wazee wengi wa huku wakikutajia baiskeli yao ya kwanza, watakutajia mojawapo ya majina hayo.

Nilitaka kuiendesha hadi Meru. Ni takriban kilomita 130 kwa barabara kuu inayopitia Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu. Fundi alizikagua breki mara mbili, kisha akazikagua tena.

Alijua anachokitafuta. Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, humwaga mito ya upande huu kuelekea Tana kama spoku zinavyotoka kwenye kitovu cha gurudumu. Kati ya mto na mto kuna mgongo, na huo mgongo ndio uliokuwa nchi ya mtu. Koo zilikaa humo, mashamba yakalimwa humo, na njia za kale zikafuata uti wake: juu hadi msituni, chini hadi nyanda kavu za Mbeere na Tharaka walikotoka mbuzi na asali. Kwa anayefuata mgongo, mteremko ni wa polepole na mito humkalia kulia na kushoto. Anayetaka kuuzunguka mlima kwa ubavu, kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, hushuka bondeni na kupanda tena, kutwa nzima.

Barabara kuu inafanya hivyo hasa. Waingereza waliishinda Embu kwa vita mwaka 1906 na kuweka kituo chao hapa. Mwaka 1908 ofisa wao, E. B. Horne, akafungua kituo cha Meru, na Wameru wakampa jina Kangangi, yaani yule mdogo asiyetulia, mzururaji. Serikali ilihitaji kuviunganisha vituo vyake, si migongo ya watu. Kwa hiyo njia zikachimbwa kukata mabonde, kwa majembe na kwa kazi ya kulazimishwa. Lami ya leo hailainishi jambo hilo. Ukitoka Embu utavuka Ena, kisha Thuci, kisha Naka, Nithi, Mutonga na Thingithu, na kila jina la mto lina mteremko wake na mpando wake.

Ndiyo sababu naamini historia ya baiskeli katika sehemu hizi ina sura mbili. Ile ya migongo na nyanda ni historia ya kupanda baiskeli. Ya barabara kuu ni historia ya kuisukuma. Nenda Mwea, kwenye tambarare ya mpunga ambayo mifereji yake ilianza kuchimbwa miaka ya 1950 na mahabusu wa Mau Mau, utaona baiskeli ikitembea na gunia nyuma na mtoto mbele bila jasho. Lakini hapa juu, mwenye baiskeli alishuka sokoni akiwa amekaa na kurudi nyumbani kwa miguu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kiti. Hakuna aliyemcheka. Mzigo ulikuwa kwenye keria badala ya mgongo wa mkewe, na hilo pekee lilitosha kuihalalisha bei.

Walioanza kuwa nazo walikuwa watu wa mshahara: walimu, makarani, makatekista, wauguzi. Misheni ndizo zilizowafundisha. Kigari, juu ya mji wa Embu, ilifunguliwa na Waanglikana wa CMS mwaka 1910. Chogoria ilianza mwaka 1922 chini ya daktari wa Kiskoti, Clive Irvine, na hospitali yake bado inahudumia watu kutoka mbali. Kisha ikaja kahawa. Mwafrika wa Kenya alinyimwa zao hilo kwa miaka mingi ili walowezi wasipate mshindani, na miaka ya 1930 iliporuhusiwa kwa majaribio, Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza pamoja na Kisii. Mkulima mwenye miti michache ya kahawa aliweza sasa kuota chombo ambacho awali kilikuwa cha mwalimu.

Asubuhi ya safari niliiacha barabara kuu kwanza, nikapanda kupitia Kigari hadi Kianjokoma, ambako chai inaanza na ubaridi unaingia kwenye vidole, ndipo nikateremka Runyenjes. Ni kimya kule. Unasikia mnyororo wako mwenyewe, na maji yakipita chini ya migomba.

Njiani humo niliona vijiji, na kwa mgeni ni vizuri kutazama: nyumba zilizokaribiana, njia nyembamba, kanisa, duka, mzee kwenye kiti. Lakini kijiji cha namna hiyo hakikuwa desturi ya nchi hii. Watu waliishi kwa maboma yaliyotawanyika, kila familia kwenye mteremko wake. Vijiji vingi vilizaliwa kwa bunduki. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, serikali iliamua mwaka 1954 kuwakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru mahali pamoja ili wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa msituni wasipate chakula. Maboma yakachomwa. Watu wakajengeshwa vibanda vipya ndani ya mitaro iliyojaa miti iliyochongwa, chini ya kituo cha homugadi, wale walinzi wenyeji wa serikali, na amri ya kutotoka nje. Kufikia mwisho wa mwaka 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800. Wakikuyu husema gichagi kwa kijiji, na wengi hulihusisha neno hilo na ushago, lile tunalolitamka kwa furaha kila Desemba.

Mashamba yalipounganishwa na kupimwa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, wenye ardhi walirudi kwenye vipande vyao. Vijiji vingi vikafa. Vilivyobaki, mara nyingi vilibaki na wasio na ardhi ya kurudia. Nimepita vingi kwa baiskeli na sijaona hata kibao kimoja kinachosema hapa palikuwa na mtaro, hapa watu walilala kwa amri. Jambo hilo linaniuma. Wanaokumbuka wanapungua kila mwaka, na nyasi zimeshajaza mitaro.

Mteremko wa Thuci nilishuka nimeshika breki zote mbili. Vyuma vya Black Mamba huvuta mpira dhidi ya rimu kutoka chini, na vikipata joto hutoa harufu ambayo sijaisikia kwingine. Malori hukupita kwa umbali wa kiwiko, kwa kuwa sehemu nyingi hazina ukingo wa kumtosha mwendesha baiskeli. Pale Nithi nilishuka kabisa nikatembea. Julai 2022 basi lilitumbukia kutoka daraja hilo, zaidi ya watu 30 wakafa, na hawakuwa wa kwanza kufia hapo. Niliegemeza baiskeli, nikasimama kidogo nikiwaombea, kisha nikaanza kusukuma.

Kusukuma huko kumebaki kwa wachache. Boda boda ilianza kwa baiskeli huko mpaka wa Busia, miaka ya 1960, lakini mpando wa huku haukuwahi kumruhusu mtu kubeba abiria kwa pedali. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, migongo yetu ilipata ilichokikosa kwa miaka mia. Siilaumu pikipiki. Imemfikisha mama mjamzito Chogoria usiku ambao hakuna gari. Ila imeisukuma Black Mamba ukutani, ikaachwa chini ya paa la jikoni kuku wakilala juu yake.

Jumamosi kadhaa sasa naona jambo jipya: vijana wenye kofia ngumu na baiskeli nyembamba za mbio, wakiparamia mipando hii kwa hiari yao. Wamezaliwa katika nchi ya mwendesha baiskeli David Kinjah, aliyemlea Chris Froome kule Kikuyu kabla Froome hajashinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017. Wengi wao wanalitaja kwa heshima jina la Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani aliyefariki mbioni Vermont, Marekani, Agosti 2022. Wengine waliamka mapema Septemba 2025 kutazama mashindano ya dunia yakifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, kwenye vilima visivyotofautiana sana na vya kwetu. Mmoja alinipita baada ya Mutonga, akapunguza mwendo, akanisalimu shikamoo mzee, akaenda nami bega kwa bega hadi kileleni ingawa alikuwa na gia za kuniacha.

Nilifika Meru jua limeshaegemea. Nikasimama nje ya jumba la makumbusho, jengo la mawe la enzi zile zile za wakoloni, nikapindua baiskeli kuitazama. Mpira wa breki ya mbele ulikuwa umeisha hadi chuma. Kwenye rimu kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba, uliozunguka gurudumu lote, na nilipougusa ulikuwa bado na joto.