Presi, mtindo uliofutwa Munich

Katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, Vasily Alekseyev wa Umoja wa Kisovieti alisimama akasukuma kilo 235 kutoka mabegani hadi juu ya kichwa. Aliondoka na dhahabu. Hayo ndiyo yakawa mashindano ya mwisho ya Olimpiki kuwa na presi.

Presi iliingia katika mitindo mitatu rasmi ya kunyanyua vyuma huko Amsterdam mwaka 1928, pale mitindo ya mkono mmoja ilipoachwa. Sheria yake ilikuwa kali: mnyanyuaji apandishe chuma hadi mabegani, atulie, asubiri ishara ya mwamuzi, kisha asukume kwa mikono na mabega tu. Magoti yasikunjwe, mgongo usipinde. Kwangu mimi, hakuna kipimo cha nguvu za mabega kilicho wazi kuliko hicho. Mwaka 1955, Mmarekani Paul Anderson alisukuma kilo 182.5 kwa mtindo huo mbele ya umati wa Moscow, na wenyeji waliokuja kumwangalia mgeni wakabaki vinywa wazi.

Ila uzito ulivyozidi kupanda, ndivyo migongo ilivyozidi kupinda. Wanyanyuaji walijifunza kusukuma nyonga mbele na kujilaza nyuma, hata kifua kikatazama dari na kazi ya mabega ikahamia kifuani. Mwamuzi mmoja alikubali, mwingine akakataa, kwa mnyanyuo uleule. Madaktari nao walihofia viuno. Shirikisho la kimataifa lingeweza kuibana sheria na kuwafunza waamuzi upya. Likachagua kuufuta mtindo, na hapo naona lilikosea. Adhabu ya wapinda mgongo iliwaangukia hata waliosimama wima.

Mwaka huohuo wa 1972 lilianzishwa shirikisho la kimataifa la pawalifting, ambako kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi ni mtindo rasmi. Benchi inabeba mgongo, miguu haina kazi kubwa ya kulinda mizani, kwa hiyo kilo huongezeka upesi. Mwaka 1981 Bill Kazmaier alisukuma kilo 300 kwa namna hiyo. Tangu hapo, hata kwenye jimu zetu za mtaani zenye makopo yaliyojazwa zege, anayetaka kujua nguvu zako hukuuliza unasukuma kilo ngapi benchi. Presi ya kusimama imebaki zoezi la wachache, ingawa mwili mzima, kuanzia nyayo, hushiriki kuubeba mzigo ule.