Miche saba ya sabuni

Najua nimepotea kidogo, ila majaribio yalitubana na boom nayo imegoma kutoka, kwa hiyo ukituona kwenye vimbweta saa nane mchana usidhani tunapenda sana kusoma, tunapiga pasi ndefu. Mimi mwenyewe nimechacha hadi aibu.

Sasa wiki iliyopita kwenye semina ya historia tulikuwa tunajadili uchumi wa Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967. Kwa kujiamini kabisa nikasema vijana wa leo hatujui kubana matumizi, wazee wetu wa mwanzoni mwa miaka ya 80 ndio walijua kuishi kwa hela kidogo. Mwalimu akaniuliza swali moja tu: walikuwa wanabana nini? Nikajibu, hela. Akacheka, akaniambia nenda kaulize nyumbani. Nikampigia bibi mzaa mama, ambaye miaka hiyo alikuwa binti mdogo kaolewa, anakaa Magomeni, na babu anafanya kazi kiwandani.

"Hela?" akasema. "Hela ilikuwepo mjukuu wangu, inalala kwenye kopo. Cha kununua ndio hakikuwepo."

Hapo ndipo nilipogundua nimeongea utumbo mbele ya darasa zima. Vitabu vinasema hivyo hivyo, sema nilikuwa navisoma kwa ajili ya mtihani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, ikafuata vita ya Kagera 1978 hadi 1979, bei ya mafuta ikapanda upya, na nchi ikawa haina fedha za kigeni za kununulia vipuri na malighafi. Viwanda vya sabuni na nguo vikawa vinafanya kazi nusu nusu. Wakati huo huo bei zilipangwa na Tume ya Bei iliyoanzishwa 1973, na biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa kampuni za serikali za mikoa, RTC. Kwa hiyo sabuni kwa bei halali ilikuwa rahisi kweli, tatizo uione hiyo sabuni. Ukiikosa unakwenda kwa mlanguzi, na huko bei anapanga yeye.

Bibi anasema mzigo ukisikika umefika duka la kaya, watu wanaamka usiku wa manane. Unaweka jiwe lako kwenye foleni, au kikapu, unarudi kumnyonyesha mtoto, unakimbia tena kuangalia kama jiwe halijasogezwa. Ugomvi wa mawe ulikuwa kila siku. Na mjumbe wa nyumba kumi ndiye anayejua nyumba yenu mko wangapi, kwa hiyo mjumbe unamwamkia vizuri hata kama humpendi. Nilimuuliza babu alikuwa anapanga foleni saa ngapi, bibi akacheka mpaka akakohoa.

Yaani ile bei ndogo ya serikali ilikuwa na nyongeza ambayo haikuandikwa popote, na waliolipa nyongeza hiyo zaidi ni akina mama na watoto, kwa kusimama. Hii sijaikuta kwenye handauti yoyote.

Mbinu za kubana zilikuwepo, ila ni za kubana vitu. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai, vyombo vikasuguliwa kwa majivu, chai ikanywewa na sukari guru ikipatikana. Ugali ulikuwa wa mahindi ya njano ya msaada, watu wakauita yanga (bibi ni Simba, anasema aliula kwa uchungu). Mche wa sabuni ukipatikana haukutumiwa siku hiyo. Unakatwa vipande kwa uzi, vinaanikwa juu ya kabati mpaka vinakauka, maana sabuni kavu haiishi haraka.

Sasa mwishoni mwa 1982 bibi alikuwa mjamzito. Akaanza kuweka akiba ya sabuni ya kufulia nepi, mche mmoja mmoja, foleni baada ya foleni, hadi ikafika miche saba. Machi 1983 serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ikaanza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na baadaye mwaka huo ikapitishwa sheria yake maalumu. Mamia walikamatwa, na wengi walikuwa walanguzi kweli, siwatetei. Ila uvumi mtaani ulikuwa ukikutwa na vitu vingi ndani umekwisha. Vingapi ni vingi? Hakuna aliyejua. Watu wakaanza kutupa mali vichakani.

Usiku mmoja bibi akatumbukiza miche yote saba kwenye choo cha shimo. Anasema kilichomtesa ni kwamba choo kilinukia sabuni siku tatu, akawa anaogopa majirani watagundua. Mtoto akazaliwa baada ya wiki mbili hivi, nepi zikafuliwa kwa mpapai. Mtoto mwenyewe ndiye mama yangu.

Bajeti ya 1984 ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Maduka yakajaa, mitumba ikaingia kwa wingi. Lakini mwaka huo huo ruzuku ya sembe ikaondolewa, na shilingi ikashushwa thamani hadi kama 17 kwa dola. Mwisho wa 1986 ilishapita 50. Bibi anasema hapo ndipo kopo lilipokauka. Vitu unaviona, unavishika, unavirudisha. Kwa maoni yangu huku kubana matumizi tunakokujua sisi, kwa daftari na kulinganisha bei, kwa watu kama bibi kulianza pale. Semina ijayo nitalisema hilo, nione mwalimu atacheka tena au la.

Nilimuuliza kama alimsimulia mama habari ya zile sabuni. Akasema hapana, za nini. Halafu akaniuliza huko chuoni sabuni ninayo. Nikamdanganya ninayo. Leo asubuhi kijana wa basi kanipigia nikachukue mzigo Magufuli, Mbezi. Ni boksi, na ni zito.