Kitalu Kibovu, Si "Sekta Mbaya"

Mwongozo mmoja wa mafundi wa kompyuta, uliopitishwa na kamati ya watu wazima wenye shahada, unamwambia msomaji kwamba diski yake ina "sekta mbaya". Ukigeuza ukurasa, kitu kile kile kimekuwa "sehemu mbaya". Majina mawili, na yote yamekosewa.

Ubaya kwa Mswahili ni wa tabia, sura au habari: mtu mbaya, neno baya, ndoto mbaya. Kilichokuwa kizima kikaharibika tunakiita kibovu: yai bovu, jino bovu, barabara mbovu. "Bovu" na "oza" ni ndugu wa shina moja la Kibantu. "Oza" limepoteza b yake ya mwanzo, "bovu" limeitunza. Na ile -vu ya mwishoni ndiyo inayotupa "tulivu" kutoka tulia na "potevu" kutoka potea: hutaja hali ambayo kitu kimefikia. Ndivyo ilivyo diski inayokufa. Usumaku wa eneo dogo umedhoofika, au uso wake umekwaruzwa na kichwa cha kusomea, na data haisomeki tena. Huo ni ubovu.

"Sekta" asili yake ni kitenzi cha Kilatini cha kukata, lakini Kiswahili kimeshalipa kazi nyingine: sekta binafsi, sekta ya afya. Wapo wanaotaka tuseme "kata", eti maana ni ile ile. Tanzania kata ni eneo la utawala lenye diwani wake. Hatuwezi kuipachika kwenye diski.

Neno tunalo: kitalu. Kamusi za zamani hulieleza kuwa ua uliozungushiwa ukuta wa mawe. Leo hati za ardhi huandika kiwanja namba fulani, kitalu B. Wawindaji hugawiwa vitalu, na gesi hutafutwa katika vitalu. Kote humo maana ni moja: eneo lenye mipaka na utambulisho wake. Sekta ya diski ni hivyo hivyo, baiti 512, au 4,096 katika diski mpya, na kila moja ina namba yake. Nilipolipendekeza nilijibiwa kwamba linanuka shamba. Sikupewa hoja ya lugha wala ya ufundi, na jibu hilo linanikera hadi leo. Mwingine alidai kitalu ni bloku. Bloku ya mfumo wa faili ni mgawo wa mfumo huo, si wa diski. Katika ext4 kwa kawaida ina baiti 4,096, yaani vitalu vinane vya baiti 512. Iitwe fungu, mgogoro uishe.

Tazameni pia jinsi neno linavyozaa. Taarifa ya SMART, ambayo diski hujiandikia yenyewe, huhesabu vitalu vilivyohamishwa, ambavyo nafasi yake imechukuliwa na vitalu vya akiba. Vitalu vinavyosubiri, ambavyo diski imeshindwa kuvisoma na bado haijaamua hatima yake. Na vitalu visivyosomeka kabisa. Fundi wa Tandika au Kisumu ataelewa bila kufasiriwa. Kwa "sehemu mbaya" atapotea, maana sehemu tayari ni mgawanyo mkubwa wa diski. Ataifomati sehemu nzima, picha za mteja zitapotea, na ubovu utabaki pale pale.

Kuziona hesabu hizo kwenye Linux, andika sudo smartctl -a /dev/sda, soma mistari yenye ID namba 5, 197 na 198. Hesabu zake zikipanda, nakili data kwa ddrescue kabla ya kugusa chochote, kisha badili diski.

Kamati itakapochapa upya mwongozo wake, ifute "sekta mbaya" na "sehemu mbaya", iandike kitalu kibovu.