Jipu Lililojificha Kichwani

Kichwa kikikuuma alasiri ya Ramadhan utasema ni kiu, au ni chai ya asubuhi uliyoikosa. Mara nyingi ndivyo. Lakini kuna kichwa kinachokuja na homa, kutapika, degedege au mkono kulegea ghafla. Hicho si cha kungojea futari. Huenda ni jipu ndani ya ubongo.

Ni maradhi nadra. Mara nyingi huanzia kwa sikio linalotoka usaha siku nyingi, jino bovu au jeraha la kichwa. Zamani aliyepatwa alikufa tu.

Mwaka 1876, mjini Glasgow kule Uskochi, daktari William Macewen alimwona mvulana aliyeumia juu ya jicho, kisha akashikwa na degedege na kupoteza usemi. Eksirei haikuwepo bado. Macewen alitazama tu kilichoharibika, akataja mahali jipu lilipo. Ruhusa ya kupasua haikutolewa, mtoto akafa. Baada ya kifo daktari akafungua pale pale alipopataja, na usaha ulikuwepo. Hebu fikiria nyumba ile siku hiyo! Kufikia 1893 alishapasua wagonjwa 19 wa jipu la ubongo, na 18 wakapona. Na penisilini ilikuwa haijagunduliwa, ilikuja 1928.

Msidhani kufungua fuvu ni mambo ya Wazungu peke yao. Hapa Kenya waganga wa Kisii wamefanya hivyo kwa vizazi, hasa mtu akiumwa kichwa baada ya kupigwa. Ila wao walikwangua mfupa na kuuacha utando wa ubongo, basi jipu la ndani hawakulifikia. Mpasuaji wa ubongo Renato Ruberti, Mtaliano wa Naples, alikuja Nairobi mwaka 1967. Kutoka Kiganjo ni kama kilomita 150, kupitia Karatina, na jipu likipasuka ndani halingoji gari.

Mwaka 1971 mashine ya skani ilimpima mgonjwa wa kwanza huko London. Tangu hapo daktari huliona jipu kabla ya kugusa fuvu. Hutoboa tundu dogo, akavuta usaha kwa sindano, ukapelekwa maabara. Wakikuta nokadia, bakteria adimu wa udongoni anayeingia kwa pumzi na kuwapata zaidi wenye kinga dhaifu, dawa humezwa miezi mingi, pengine mwaka. Mzazi akizikatiza kwa kuwa mtoto ameanza kucheza, jipu laweza kurudi.