Skrini inavyozidi kusogelea jicho (sehemu ya 4)

Mama wa Nachingwea na Ruangwa, tuendelee. Televisheni ilipofika Bara 1994, mtaa mzima tulijazana sebule moja, tukatazama kwa mbali. Kisha simu ikaingia kiganjani. Sasa kuna miwani yenye skrini: gemu, filamu, hata kazi.

Si jambo jipya. 1968 Mmarekani Ivan Sutherland alitengeneza skrini ya kuvaa kichwani, nzito mpaka ikaning'inizwa darini. 1995 Nintendo ya Japani ikauza Virtual Boy, gemu ya kuchungulia ndani, na yenyewe ikaonya: chini ya miaka 7 asitumie, macho bado yanakua.

Kwa hiyo mjomba akija nayo toka Dar, avae yeye. Mtoto acheze nje. Mwanga wa jua unasaidia asije akashindwa kuona mbali.