Mionzi Kwanza, Kisu Baadaye

Fungueni madaftari yenu. Leo tutasoma jinsi madaktari walivyojifunza kutibu saratani ya puru. Puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, mahali choo kinapokaa kabla ya kutoka. Msione haya kulitaja neno hili. Watu wengi wameona damu katika choo, wakanyamaza kwa haya, wakafika hospitali wakiwa wamechelewa.

Mwaka 1908, daktari mpasuaji wa London, Ernest Miles, alieleza namna ya kuiondoa puru yote, kwa kupasua tumboni na kwa chini pia. Mgonjwa alibaki akitoa choo kwa tundu lililofunguliwa tumboni. Kazi ilikuwa nzito, na si wachache waliokufa. Tena, ugonjwa uliweza kurudi pale pale. Ndani ya nyonga ni pembamba, na chembe zisizoonekana kwa macho husalia humo. Mmepata kulima ndago? Ukikata majani na kuacha kiazi chake udongoni, umefanya kazi bure.

Ndipo madaktari walipoifikiria mionzi ya eksirei, ambayo Röntgen aliigundua Ujerumani mwaka 1895, kwa kuwa huua chembe za saratani. Lakini itumike kabla ya kisu au baada yake? Puru ikiisha kuondolewa, utumbo mwembamba huteremka na kukaa mahali pake, nao ukaunguzwa bure. Mionzi ikitangulia, sehemu kubwa ya nyama inayoungua ni ile itakayokatwa na kutupwa.

Waswidi walilijaribu jambo hili tangu 1987 hadi 1990, kwa wagonjwa 1,168. Kura ndiyo iliyoamua nani apate nini, daktari asichague. Kundi moja lilipasuliwa tu. La pili lilipigwa mionzi siku 5, likapasuliwa katika juma lililofuata. Baada ya miaka 5, katika kila watu 100 waliopasuliwa tu, 27 walirudiwa na ugonjwa mahali pale pale. Waliotanguliziwa mionzi, 11. Waliokuwa hai ni 48 kwa 58. Watu kumi katika mia si haba!

Walakini wengine waliuliza: je, wapasuaji hawakukata vibaya? Swali la haki. Huko Basingstoke, Uingereza, daktari Heald alikuwa akifundisha kuitoa puru pamoja na ganda lote la mafuta lililoizunguka. Waholanzi wakafunza wapasuaji wao hivyo, wakarudia jaribio, 1996 hadi 1999. Baada ya miaka 2, waliorudiwa walikuwa karibu 8 katika 100 bila mionzi, na kati ya 2 na 3 kwa mionzi. Ila safari hii idadi ya walio hai ilikuwa sawa, na baadaye waliopigwa mionzi walitaabika zaidi kuzuia choo. Kwa hiyo siku hizi daktari hupiga kwanza picha ya nyonga, aone saratani imefika wapi, ndipo aamue kama mionzi inahitajiwa.

Zoezi: Andikeni kwa nini Waswidi walipiga kura.